Kusema Mbele ya Watu



Tumeombwa kueleza namna mtu apatavyo ujasiri wa kusimama barazani na kusema. Jambo hili si la mchezo. Barazani ndipo habari za mipaka ya mashamba huzungumzwa, ndipo watu hupatana juu ya zamu za maji ya mfereji na juu ya kujenga shule. Mtu mwenye haki asiyeweza kuieleza hurudi kwake mikono mitupu, na jirani yake mwenye ulimi mwepesi huondoka na hatua kumi za shamba la mwenziwe. Hayo sote twayajua. Lakini watu wengi hudhani kwamba kusema vizuri ni kipawa cha kuzaliwa nacho, kama vile urefu wa mwili, aliyenyimwa amenyimwa. Sisi twasema sivyo, na shahidi wetu ni mfalme.

George wa Sita, aliyekuwa Mfalme wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1895, na jina lake la kwanza lilikuwa Albert. Hakutazamiwa kutawala, kwa maana alikuwa na kaka yake mkubwa. Tangu utoto alikuwa na kigugumizi. Baadhi ya babu zetu walimwona kwa macho yao, kwani mwishoni mwa mwaka 1924 yeye na mkewe walishuka Mombasa, wakatembea Kenya, na baadaye Uganda. Wakati huo aliitwa Duke wa York. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1925, alitakiwa kuyafunga Maonyesho ya Dola ya Uingereza huko Wembley, London, mbele ya umati mkubwa wa watu. Maneno yalimkwama. Alinyamaza katikati ya maneno, akaanza tena, akanyamaza tena, hata waliomsikiliza wakaona uchungu. Hata hivyo aliimaliza hotuba yake. Na hapo twamsifu, maana wengi wetu tungaliketi.

Mwezi wa Oktoba 1926 alikwenda kwa mtu aliyeitwa Lionel Logue, mwenyeji wa Australia aliyekuwa akifanya kazi London. Bwana huyu hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kusema, na huko kwao aliwahi kuwasaidia askari walioharibikiwa na usemi kwa sababu ya Vita vya 1914 hadi 1918. Hakumpa dawa yoyote ya kunywa. Alimfundisha kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu, akampa mazoezi ya kufanya kila siku, na kabla ya hotuba wakapitia karatasi pamoja, wakitia alama mahali pa kupumzika, na kuondoa neno gumu wakatia jepesi badala yake. Katika muda wa miezi kumi na minne hivi walionana zaidi ya mara 80. Tarehe 9 Mei 1927 Duke alilifungua jumba la Bunge la Australia huko Canberra, akasema vizuri. Kigugumizi hakikuisha kabisa maisha yake yote. Tarehe 3 Septemba 1939, alipokuwa mfalme na vita vimetangazwa, alisema na watu wake kwa redio, Bwana Logue akiwa chumbani pamoja naye. Alisema polepole, kwa vituo virefu.

Basi, tuje barazani kwetu. Mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi fupi za juu ya kifua. Sauti yake hupanda, maneno hukimbizana, na kila anapokimbia ndivyo hofu inavyomzidi. Kwa hiyo ukisimama, usiseme mara moja. Simama imara kwa miguu yote miwili, watazame watu, toa pumzi yote, uvute nyingine taratibu, ndipo useme. Wewe utaona kimya kile ni kirefu kama usiku; walioketi hawatakiona hata kidogo.

Kisha yafaa kujizoeza shambani. Mwambie mwenzio asimame mwisho wa matuta, nawe umweleze habari zako ukiwa upande wa pili. Asiposikia, usipige kelele. Punguza mwendo na ufungue kinywa. Katika lugha yetu jambo hili lina hatari ya namna yake. Kukataa kwetu hukaa mwanzoni mwa neno, katika silabi moja ndogo. “Hatutauza” na “tutauza” zapishana kwa “ha” tu. Mtu anayeanza kusema kabla hajavuta pumzi huimeza silabi ya kwanza, na aliye nyuma husikia kwamba ukoo umekubali kuuza shamba. Tena karani akiandika alivyosikia, karatasi itakuwa na neno ambalo hakuna aliyelisema. Kwa hiyo, mtu akiwa na neno la kukataa, na aliseme mara mbili kwa njia mbili: “Hatutauza. Shamba litabaki letu.”

Wako wanaopenda kusoma karatasi, kichwa kimeinama, sauti ikiangukia miguuni. Sisi hatuwashauri hivyo. Jifunze kwa moyo neno la kwanza na neno la mwisho. Ya katikati yakumbuke kwa mambo matatu tu. Mzee asiyejua kusoma aweza kutia punje tatu za mahindi katika mfuko wa kulia, na kila amalizapo jambo moja aihamishe punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Punje zikiisha, na aketi. (Hotuba za saa mbili, tuseme kweli, hatuzipendi, hata zikisemwa na wakubwa.)

Mabwana Machifu, ninyi mna kazi kubwa kuliko msemaji. Mtu akikwama, msimmalizie neno lake, kwa maana mara nyingi neno mtakalompa si lile alilolitaka, naye kwa heshima yenu atalikubali. Ngojeni. Pakiwa na mkalimani, msemaji na atue kila baada ya sentensi moja, la sivyo nusu ya shauri lake itapotea njiani. Nao akina mama walioketi pembeni waulizwe kwa majina yao, kwa kuwa wengi wao ndio wachotao maji na walimao mashamba yanayosemwa.

Kwenu walimu tuna ombi. Kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa miaka miwili hadi mitano. Watoto wengi hupona wanapokua. Wengine hubaki nacho, na katika watu wazima mia moja yupo kama mmoja. Si uchawi, wala si upungufu wa akili. Mtoto wa namna hiyo asichekwe, wala asiambiwe “sema upesi.” Mtazame usoni, umsikilize mpaka amalize, nawe umjibu kwa mwendo wa polepole. Na kwa darasa zima, wekeni dakika chache kila Ijumaa, watoto wawili au watatu wasimame kueleza habari moja ya nyumbani: ng'ombe aliyezaa, mvua iliyovunja daraja. Msiwasahihishe sarufi siku hiyo. Sarufi ina siku zake nne nyingine.

Punje yetu ya tatu imekwisha hamia kushoto, basi twaketi. Mwenye swali na asimame, avute pumzi kwanza, na tutaanza na wale walioketi nyuma.