MTU SI BEHEWA LA KUPOTEA NJIANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Sisi watu wa reli twajua jambo moja vizuri. Behewa likiondoka stesheni namba yake huandikwa, na likifika huandikwa tena. Likikosekana, stesheni masta aliyelipokea mwisho ndiye huulizwa. Hawezi kusema, "Sijui," kisha akaenda kunywa chai.

Basi mtu akikosekana, kwa nini tukubali jawabu hilo?

Mwaka jana mwenzetu wa karakana alichukuliwa usiku na watu wasiovaa yunifomu. Mkewe alizunguka vituo vitatu, mtoto mgongoni, na kote aliambiwa, "Hayupo hapa." Siku ya nne aliachwa kando ya barabara, yu hai. Tulimshukuru Mungu. Lakini siku zile nne hazikuandikwa katika kitabu chochote.

Sikilizeni mambo ya Honduras, nchi ya Amerika ya Kati. Tarehe 12 Septemba 1981, mjini Tegucigalpa, mwanafunzi wa chuo kikuu Manfredo Velásquez alikamatwa na watu wenye silaha waliovaa nguo za kiraia, motokaa yao haina namba. Mara tatu korti iliombwa iamuru aletwe, bila faida. Hakuonekana tena.

Jamaa zake hawakunyamaza. Kesi ilifika mbele ya Korti ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na hukumu ikatolewa tarehe 29 Julai 1988. Majaji walisema kwamba hata kama aliyemkamata hajulikani kwa jina, serikali yenyewe ina deni: kuzuia mambo hayo, kupeleleza kwa bidii, kuadhibu, na kulipa fidia. Upelelezi usiwe wa desturi tu, wala familia isiachiwe kazi ya kutafuta ushahidi. Na maadamu haijulikani yaliyompata mtu, deni la kupeleleza halimaliziki.

Tena, kwa kuwa mwenye kuficha ndiye mwenye daftari, korti ilikubali kutazama mambo yalivyokuwa yakitendeka: kati ya 1981 na 1984 watu baina ya 100 na 150 walipotea Honduras kwa namna ile ile.

Hukumu ile haifungi Kenya. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha korti imefungwa. Na kifungu cha 25 chakataza kupunguzwa kwa haki ya kuomba korti iamuru mtu aletwe mbele yake.

Kwa hiyo mwenzako akichukuliwa, usingoje kupambazuke. Andika saa, mahali, rangi ya gari na majina ya walioona. Nenda kituoni, omba jina lake litafutwe katika kitabu cha OB. Ukiambiwa hayupo, andika namba ya askari aliyekujibu. Karatasi hiyo mletee Katibu wa tawi siku ile ile, apate kuipeleka kwa wakili.

Yule mama wa vituo vitatu alikuwa na namba ya askari mmoja tu. Aliiandika mkononi kwa kalamu, na jasho likaifuta nusu.