Bunduki Ndiyo Inayochagua: Kutafuta Risasi Sahihi kwa Shabaha ya Mita 50



Kila mlengaji anaponunua bunduki yake ya kwanza ya .22, huniuliza, "Mwalimu, risasi ipi ni nzuri?" Zamani nilijibu kwa kutaja jina la kiwanda. Siku hizi namwambia swali hilo akaiulize bunduki yake. Mada hii inahusu namna ya kuiuliza bila kudanganywa na jibu lake, kwa sababu bunduki hudanganya, na sisi hupenda kudanganywa.

Nianze na umbo la risasi yenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle imekuwapo tangu miaka ya 1880, na muundo wake haujabadilika sana: ganda jembamba la shaba, kichwa cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, baruti kidogo, na kemikali ya kuwashia iliyosambazwa ndani ya ukingo wa ganda. Pini hupiga ukingo huo, si katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa bunduki kubwa. Kwa hiyo ganda likishafyatuliwa limekwisha kazi. Mwenye bunduki kubwa anaweza kujaza maganda yake upya nyumbani, akapunguza au kuongeza baruti chembe kwa chembe mpaka bunduki iridhike. Sisi wa .22 hatuna nafasi hiyo. Tunapika kwa viungo vilivyochanganywa na mwingine, na kazi yetu ni kuchagua chungu tu.

Na kila chungu kina ladha yake. Kiwanda kikitengeneza risasi mfululizo kwa mashine ileile na malighafi zilezile, hilo fungu hupewa namba, nasi huliita loti. Kemikali ya ukingoni ikikaa nene upande mmoja, nta ya kichwa ikiwa tofauti kidogo, kifaa cha kubana ganda kikiwa kimechakaa kwa unywele mmoja, loti mbili za jina moja na bei moja hutofautiana. Nimeona boksi la Eley Tenex kutoka Uingereza likishindwa katika mtutu mmoja na risasi ya mazoezi ya bei karibu nusu yake, kisha loti nyingine ya Tenex hiyohiyo ikaishinda ile ya mazoezi palepale. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi natumia Lapua" au "mimi natumia RWS", hajakwambia kitu. Mwulize loti.

Kwa nini mitutu itofautiane hivyo? Nusu ya jibu ni vipimo: upana wa chemba, ulaini wa mifuo, hali ya mdomo wa mtutu. Nusu ya pili ni mtikisiko. Baruti inapolipuka mtutu hutetemeka kama waya wa gitaa, na kila kichwa hutoka wakati mdomo uko mahali fulani katika mtetemo huo. Bunduki ikiwa imepangika vizuri, kichwa kinachokwenda polepole hutoka mdomo ukiwa umeinuka kidogo, kikafidiwa kasi iliyopungua. Bunduki nyingine hufanya kinyume chake, ikazidisha kosa. Ndiyo maana ukilegeza au kukaza skrubu zinazoshika mtambo kwenye kitako, majibu ya kipimo chako cha jana yanaweza kuwa hayana maana tena.

Kasi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Risasi ya mashindano hutoka mdomoni kwa mita 320 hadi 330 hivi kwa sekunde, na hufika mita 50 kwa takriban sekunde 0.16. Katika muda huo inakuwa imeanguka kama sentimita 12 au 13. Ukipiga hesabu, tofauti ya mita 1 kwa sekunde katika kasi huhamisha tundu karibu milimita 0.8 juu au chini. Loti ambayo kasi zake zimeachana kwa mita 10 kwa sekunde imekwisha kukutoza milimita 8 za wima kabla hujapumua vibaya wala kuvuta kifyatulio kwa pupa. Duara la 10 kwenye shabaha ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Mkiona kundi la matundu lililosimama wima kama mnazi, msimlaumu mlengaji kwanza.

Kuna kosa moja nimelisikia hata kwa wakufunzi: kwamba kwa kuwa Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi, sauti husafiri polepole kule. Kimo si sababu. Kasi ya sauti hufuata joto: kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na 349 kwenye nyuzi 30 za mchana wa Mombasa. Risasi ya mashindano hubaki chini ya kasi hiyo tangu inapotoka. Zile risasi za kasi kubwa, za mita 380 hivi kwa sekunde, hutoka juu ya kasi ya sauti kisha hulazimika kushuka hadi karibu na kasi hiyo njiani, na hewa huzisukasuka. Kwa kuwinda sungura hazina tatizo. Kwa shabaha, ziacheni dukani.

Sasa nije kwenye udanganyifu niliousema. Mwaka mmoja kabla ya mashindano nilipima loti nane, kila moja kundi moja la risasi tano. Loti ya sita ikatoa tundu moja dogo, ncha ya kidole changu cha mwisho ingelifunika. Nilikata ile karatasi, nikaiweka kwenye pochi, nikanunua risasi zote za loti ile nilizoruhusiwa kununua. Wiki mbili baadaye zilikuwa risasi za kawaida kabisa, wala si bora kuliko zile nilizozikataa.

Kundi la risasi tano halitulii. Bunduki ileile, risasi ileile, mikono ileile, ukubwa wa kundi hupanda na kushuka kwa robo hivi bila sababu yoyote ila bahati. Loti inayotoa milimita 12 kwa wastani itakupa 9 leo na 15 kesho. Sasa yapange makundi manane ya namna hiyo mstari mmoja, kisha chagua dogo kuliko yote: umechagua lenye bahati ya siku ile. Watu wanane wakirusha dadu, atakayepata sita si fundi wa dadu. Tena tukipima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, tunayatupa matatu mengine ambayo tumeyalipia.

Mimi sasa nafanya hivi. Bunduki naiegemeza kwenye mifuko ya mchanga, au klabu ikiwa na jiliwa ya kupimia, mtambo wenyewe unabanwa humo. Napiga alfajiri, vibendera vya upepo vikiwa vimelala. Kila ninapobadili aina, risasi 15 hadi 20 za mwanzo sizihesabu, kwa kuwa nta ya aina iliyotangulia bado iko mtutuni na mpya haijakaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyozihukumu isivyo haki risasi nyingi nzuri. Kisha napiga makundi manne ya risasi kumi kumi, si yote kwa mfululizo: kundi la loti moja, la nyingine, halafu narudi, ili joto la mtutu na uchovu wa macho yangu vigawanywe sawa. Risasi haikai chembani zaidi ya sekunde chache, kwani chemba ya moto huilegeza nta yake. Mwisho naweka karatasi nne za loti moja juu ya dirisha lenye mwanga, nazipanga vitovu vya makundi vilingane, na kupima wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho. Matundu 40 hayadanganyi kirahisi.

Mkumbuke pia kiasi mnachohitaji. Kichwa kina upana wa milimita 5.6 hivi, na tundu linalogusa mstari hupewa alama ya juu, kwa hiyo 10 hupatikana hata kitovu cha tundu kikiwa karibu milimita 8 kutoka katikati. Kwa kijana anayepata 8 na 9, loti ya bei mbaya haitamwokoa. Fedha hizo zimnunulie mazoezi. Anayehesabiwa kwa desimali, akiiwinda 654.0 ya risasi 60, huyo ndiye mwenye haki ya kuhangaika.

Kikwazo chetu kikubwa Kenya si ujuzi. Cheti cha silaha hutaja idadi ya risasi unazoweza kununua na kuwa nazo, hivyo huwezi kujaza kabati loti kumi kwa ajili ya majaribio. Pendekezo langu ni klabu zigawane kazi: watu watano, kila mmoja na loti yake, tukutane siku moja na bunduki zetu zote, chini ya macho ya msimamizi wa uwanja. Loti itakayokataliwa na bunduki yangu huenda ikapendwa na yako.

Kesho saa 12 asubuhi tutaanza hivyo. Nimeleta loti nne, na katibu amezimwaga kwenye visanduku vyenye herufi tu, A hadi D. Hata mimi sijui ipi ni ipi, na moja kati yake ni ya bei ya chini kabisa.