Taa ya Kijani ya Kagongwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Mimi huunganisha mitambo iliyo mbalimbali ili isemezane. Chombo chenyewe ni ruta. Si ile ya sebuleni, bali ya bati gumu, inayovumilia vumbi na joto la kibanda cha pampu.

Wenzangu mnakumbuka barua za bwenini. Chukua barua yenye anwani yake, uitie ndani ya bahasha kubwa yenye S.L.P. nyingine. Posta watasoma ya nje tu. Ndivyo lilivyo handaki la mtandao. Aina moja, GRE, kanuni zake zilitolewa mwaka 1994. Bahasha yake huchukua baiti 24, hivyo katika baiti 1500 za kawaida hubaki 1476 za mzigo. Haina gundi, atakaye siri huifunga kwa IPsec. Katika kila ruta fundi huandika anwani ya ruta ya ng'ambo.

Hapo ndipo nilipokosea. Kagongwa, kama mjuavyo, ni mji wa vinu vya mpunga. Mteja mmoja alikuwa na tangi hapo mjini, na pampu kisimani, mbali kidogo. Tangi likijaa, habari ipite handakini, pampu izime. Jioni ile nilikuwa nawahi basi la Kahama. Katika ruta ya tangi nikaandika 7 mahali pa 1. Taa ya handaki ikawaka kijani, nikafunga mkoba.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa kidato cha nne. GRE peke yake haiulizi kama mwenzake yupo. Ikiona njia ya kutokea tu, huwasha kijani. Sikutuma hata salamu moja ng'ambo nione kama itajibiwa. Pampu haikupata habari, ikasukuma maji usiku kucha. Tangi likafurika, maji yakaingia katika banda la mama mmoja jirani, magunia sita ya mpunga yakalowa.

Asubuhi nilimwamkia kwa aibu. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, hiyo taa yako ilikuambia tangi limejaa?" Nikasema, hapana mama. "Basi ilikuambia nini?" Nilikosa jibu. Magunia niliyalipa kwa miezi miwili.

Tangu siku hiyo ruta zangu husalimiana kila sekunde 10. Salamu tatu zikikosa jibu, handaki huhesabiwa limekatika. Na pampu nimeiagiza izime yenyewe ikisikia kimya. Hili la pili lilinichukua muda kulikubali, maana wateja hulalamika maji yakikatika.

Ruta mbili nimekuja nazo, ziko maabara ya fizikia. Baada ya chai, kidato cha tatu waje. Anwani moja nimeikosea makusudi, na sisemi ni ya upande gani.