Chumvi ya Duka Letu na Kimo cha Watoto Wetu

Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mazao, ghala na ziada ya mwaka. Mimi naomba ruhusa niseme juu ya kitu kidogo sana katika hesabu zetu, nacho ni chumvi.

Mwaka jana mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alifika dukani kwetu pamoja na mwanawe aendaye shule. Akaniuliza, "Bwana Katibu, chumvi hii ina madini joto?" Mbele yangu palikuwa na gunia wazi la chumvi ya mawe, lisilo na alama yo yote. Mimi mwenyewe ndiye niliyetia sahihi hati ya kulinunua, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Sikuwa na jibu. Baadaye tulimwomba bwana afya atupimie. Alidondosha tone la dawa juu ya chumvi ya pakiti, ikageuka rangi ya zambarau. Akadondosha juu ya chumvi ya gunia letu, ikabaki nyeupe vile vile.

Labda mtasema: sisi ni watu wa pwani, na mashamba ya chumvi yako Kunduchi, hapa hapa Kinondoni, madini joto yatatupungukiaje? Ndugu zangu, maji ya bahari yana madini hayo kwa uchache mno, na chumvi inayobaki jua likisha kukausha maji haiutoshelezi mwili. Hapana budi yatiwe na mtengenezaji. Hata Lindi na Mtwara, mikoa ya bahari na chumvi, imepata kuwa nyuma ya mikoa mingine katika kutumia chumvi yenye madini joto.

Kazi ya madini haya ni nini? Tezi iliyo shingoni huyatumia kutengeneza kichocheo kinachoongoza ukuaji wa mifupa na wa ubongo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji mikrogramu 120 tu kwa siku. Akiyakosa, tezi huvimba ikawa rovu, mtoto huchoka upesi, masomo humwia mazito, na kimo chake husita. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi au mwenye akili iliyodumaa, na hasara hiyo hairudishiki.

Nchi yetu imekwisha kupigana vita hivi. Katika miaka ya 1980 watu wapatao 25 katika kila 100 walikuwa na rovu. Vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikaamuru chumvi ya kula itiwe madini hayo. Wanafunzi walipopimwa nchi nzima mwaka 2004, wenye rovu walikuwa kama 7 katika 100. Ushindi huo waweza kupotea kwa gunia moja baada ya jingine.

Sisemi kwamba chumvi peke yake itaondoa udumavu. Mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na sababu ni nyingi: chakula haba, maradhi ya kuhara, maji machafu. Chumvi haichukui nafasi ya maharage, dagaa wala mayai. Lakini katika dawa zote, hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote.

Nasi wakulima wa muhogo tuna neno la ziada. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vema una sumu, na sumu hiyo ikiingia mwilini huizuia tezi kupata madini joto. Jambo hili lilidhihirika katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako rovu lilikuwa limeenea.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, duka letu lisinunue tena chumvi isiyo na alama, na tofauti ya bei ilipwe kutoka katika ziada yetu. Pili, chumvi ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua. Tatu, nyumbani iwekwe katika chombo chenye kifuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva, wala isizidishwe, maana chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Najua wako watakaosema kwamba ushirika ni biashara. Ni kweli. Lakini vyama vya ushirika vya dunia, vilipokutana Manchester mwaka 1995, viliandika kuijali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yule mama bado anangoja jibu langu. Naomba mkutano huu unipe ruhusa ya kumjibu, "Ndiyo, mama, inayo."