Matuta ya Uluguru na Nguvu ya Kukataa

Wakazi wa Dumila, mji wa njia panda ambapo barabara ya Kilosa huachana na ile iendayo Dodoma, hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa raia wa kawaida waliougomea utawala wa mabavu, kwani mkoani mwao humuhumu Waluguru waliukataa Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950 na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, yaani kukata mteremko uwe vidaraja ili udongo usisombwe na mvua. Jembe lilipofukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yalidumaa, na mkulima aliyeyaona hayo shambani mwake hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Amri zilipitia kwa machifu, mfumo uitwao utawala usio wa moja kwa moja, ambao huishiwa nguvu pale wengi wanapoacha kutii kwa pamoja. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikabiliana na polisi, mtu mmoja akauawa kwa risasi, gharama ambayo kamwe haistahili kuchukuliwa kwa wepesi. Hata hivyo wanakijiji hawakurudi kwenye matuta, na serikali ikalazimika kuuacha mpango huo.