Kabla ya Kuongeza Matiti kwa Upasuaji

Upasuaji wa kuongeza matiti huweka mfuko wa silikoni, au wa maji ya chumvi, nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua. Mifuko ya silikoni ilitumika kwa mara ya kwanza Houston, Marekani, mwaka 1962. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilianza upasuaji rekebishi mwaka 2023, hivyo mkazi wa Kerenge, mkoani Tanga, anayetaka kuongeza matiti huenda akahitaji kupanga safari ya Dar es Salaam, pamoja na siku za kurudi kliniki.

Maandalizi huanza kwa vipimo vya damu na uchunguzi wa matiti. Daktari aelezwe kila dawa inayotumika, za miti shamba zikiwemo, kwani baadhi huzidisha kutoka damu. Aspirini husimamishwa kwa ushauri wake tu. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, maana huchelewesha kidonda kupona.

Upasuaji wenyewe, chini ya nusukaputi, huchukua saa moja hadi mbili. Maumivu na uvimbe ni vya kawaida. Kazi nzito husubiri wiki nne hadi sita: jembe, ndoo ya maji, hata kubeba mtoto.

Homa, usaha au titi moja kuvimba ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Baadaye kovu linaweza kukaza titi. Wengi hunyonyesha, ingawa maziwa huweza kupungua. Mifuko hii haidumu maisha yote; gharama ya kuibadilisha ihesabiwe mapema.