Kungoja Msimu, Kungoja Maji: Mwendo wa Mgeni Kisiwani Unguja

Mada kwa semina ya watembeza wageni



Urefu wa Unguja, kutoka kaskazini hadi kusini, haufiki kilomita 90. Kwa sababu hiyo tumejizoesha kukimaliza kisiwa kwa siku moja: asubuhi Mji Mkongwe, adhuhuri mashamba ya viungo ya Kizimbani, jua likitua tuko Nungwi. Mgeni hurudi hotelini na picha tele, lakini hakukaa kitako na mtu hata mmoja. Mimi mwenyewe nimepanga safari za namna hiyo kwa miaka, na nimeziacha.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni mji uliojengeka kwa kungoja. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi, yakatia nanga, na nahodha hakuwa na njia ya kurudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma. Akakaa miezi. Katika miezi hiyo watu walidaiana, walifunzana lugha, walioana, walizikana. Ukiuliza kwa nini mji mdogo kama huu una watu wa asili nyingi kiasi hiki, jawabu mojawapo ni upepo.

Tazameni baraza zetu. Kile kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta kimejengwa na watu wenye muda. Mwenye nyumba humpokea mwenzake hapo bila ya kuwasumbua waliomo ndani, na masika, maji yakigeuza vichochoro kuwa mito, wapita njia hupanda juu yake wasilowe. Basi kwa nini tumpitishe mgeni mbele ya baraza ishirini tukimhesabia misumari ya milango, asikae hata kwenye moja? Mpelekeni kwenye kiwanja cha Jaws Corner, hapo hapo mjini, alasiri. Atoe salamu kwanza, ajibiwe, anunue kahawa chungu, atazame dhumna inavyochezwa. Nyamazeni kidogo, si lazima kila dakika ijazwe maelezo. Na ninasikitika kuona baraza nyingi zimefunikwa vinyago na vitambaa vya kuuza, hata wazee wa mtaa hawana pa kukaa.

Kwenye pwani ya mashariki ya kisiwa, anayepanga saa ni bahari. Baina ya maji kujaa na maji kupwa huwa ni kama saa sita. Mgeni anayefika kijiji cha Jambiani maji yamejaa, akala samaki, akaondoka, ameona nusu ya Jambiani. Hakuona maji yakirudi nyuma mpaka karibu na mwamba, wala vigingi na kamba za mwani, wala kina mama wamejifunga kanga wakivuna huku maji yako chini ya magoti. Kilimo hicho kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na kinafuata mwezi: bamvua ni siku za kazi, maji mafu ni siku za kukausha na kupumzika. Mgeni mwenye siku moja hawezi kulijua hilo. Mwenye siku nne analala, anaamka, anaikuta bahari imehama, na mwenyewe anaanza kuuliza.

Simaanishi kumtesa mgeni. Mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo asibanwe kwenye daladala hadi Makunduchi kwa jina la kuona maisha. Akodiwe gari, lakini gari hilo lisimame kwenye msitu wa Jozani, lisimame penye madafu, na dereva asihimizwe. Raha ya safari ni kutokuwa na kitu kinachokusubiri mbele kwa hasira.

Ninapendekeza mambo mawili. Kila ratiba tunayouza kwa pwani ya mashariki iandikwe ikiwa na saa za maji kupwa na kujaa za siku hiyo, juu kabisa, kabla ya saa ya chakula. Na safari yoyote ya Mji Mkongwe iwe na saa nzima ya kukaa, ihesabiwe kuwa kazi, na mtembeza mgeni alipwe kwayo.